Sekunde Kumi na Moja

Jumamosi nilikwenda Mikocheni kuchukua namba.
Foleni, jua la utosi, kijana akanipa bahasha:
fulana ya saizi ya mwanangu wa darasa la sita,
pini nne, moja imepinda,
na namba 2218, ambayo ukiijumlisha ni kumi na tatu.
Nilishajumlisha kabla sijasaini.
Ndiyo maradhi ya mhasibu.

Usiku tukala makaroni kwa Mwanvita,
sisi tisa, Kunguru wa Segerea.
Tumejiita hivyo kwa kuwa tunaamka kabla ya adhana
na kelele zetu zimeshinda mbio zetu.
Ndimbo, fundi majokofu, aliapa hatagusa bia.
Akagusa moja. Akasema moja si bia, ni dawa ya misuli.
Nami, sijui shetani gani, nikatangaza mbele ya sufuria:
honi inalia saa kumi na mbili kamili,
nitafika kabla ya saa moja.
Saa moja ya ukutani, saa moja ya miguuni,
kwa lugha yetu ni ile ile.
Wakanyamaza, kama watu waliosikia posa.
"Mwenda pole hajikwai," akasema Mwanvita, akiniongezea mchuzi.
Hajikwai, dada. Lakini hafiki kabla ya saa moja.

Honi.
Kilomita ya kwanza miguu ilinidanganya,
ikasema ina miaka ishirini.
Ya tatu ikataja umri wake wa kweli.
Darajani Tanzanite taa zilikuwa bado zinawaka,
maji yametoka, tope la Selander linanuka chumvi na kuoza,
na elfu moja na ushei tunahema
bila hata mmoja wetu kufukuzwa.

Barabarani mama mmoja wa ufagio, kizibao cha machungwa,
alisimamisha vumbi lake ili tupite.
Nikamtupia shikamoo.
Sasa, shikamoo huwezi kuitoa nusu.
Nikapunguza mwendo, nikageuka, nikaingojea.
"Marahaba mwanangu. Mnakimbilia nini Jumapili yote hii?"
Sikuwa na jibu. Bado sina.

Kilomita ya nane, Ndimbo yuko chini ukingoni,
kashika ndama wa mguu, anamtaja mama yake mzazi.
"Pita!" akanifokea. "Pita, umetangaza!"
Nilimrushia chupa yangu ya maji. Akaidaka vibaya.
Nikapita, na koo kavu, na aibu kidogo.

Saa ya mwisho ni kubwa, nyekundu, haina huruma:
saa moja na sekunde kumi na moja.
Msichana akanivisha medali, akanipa ndizi,
akaniita bibi. Nina miaka arobaini na nne.

Kinondoni, supu ya makongoro, chapati, ndimu,
medali tisa zikigonga bakuli.
Ndimbo alifika wa mwisho, anachechemea, chupa yangu mkononi,
akatulipia sote kwa pesa aliyomkopa Mwanvita.
Wakanikagua. Ziko wapi kumi na moja?
Shikamoo, sita, nikakubali.
Chupa, tatu.
"Hizo si hasara," Mwanvita akapiga meza, "hizo ni matumizi!"
Tukacheka mpaka mwenye kibanda akatuletea pilipili ambayo hatukuagiza.

Sasa ni usiku, Tabata,
miguu kwenye beseni la maji ya chumvi,
ngazi zimekuwa adui, naziteremka kinyumenyume.
Tisa nimezipata. Mbili sizioni.
Labda saa yao ni mbovu.
Labda ni kule darajani, nilipogeuza shingo,
na sikumbuki niligeukia nini.
Nimeziandika pembeni mwa daftari, kwa penseli.

Simu inalia. Ndimbo:
*Jumamosi ijayo vilima vya Pugu. Nakudai mbio, nakudaiwa maji.*
Sentensi yake haina hesabu hata kidogo.
Nimemjibu ndiyo.