Visanduku Vitano

Karatasi ina visanduku vitano kwa kila mlango.
Moja: kura yake ni ya Bernadine. Mbili: anaelekea kwetu.
Tatu: hajaamua. Nne: anaelekea kule.
Tano: wa kule, na asisumbuliwe tena.
Tulasi, miaka kumi na saba, hana kura,
ananishikia kalamu nikipuliza vidole.
Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, mjini Erie,
na upepo wa ziwani unatafuna masikio.

Namba 1114. Mzee Wisnewski anafungua nusu,
mnyororo bado mlangoni.
Nasema: halmashauri ya jiji, kodi za nyumba,
basi la usiku lililofutwa.
Anasema: mke wangu alikuwa akilipanda hilo.
Kisha ananyamaza, nasi tunanyamaza,
supu inaungulia jikoni kwake, twainusa sote watatu.
Hakuna kisanduku cha supu.
Tulasi anaandika tatu, anaifuta,
anaandika mbili, anaifuta,
karatasi inatoboka.

Namba 1120: mbwa.

Namba 1122, bwana wa kofia ya sufi:
"Nyie mnakuja mwaka wa uchaguzi tu, kama mafua."
Nikacheka, maana ni kweli.
Naye akacheka, akafunga mlango.
Tano,
lakini tano yenye meno nje.

Namba 1126 iko nyuma, ngazi za kushuka.
Mtaka kura ya chumba cha chini sharti ainame.
Niliinama. Magoti yangu,
yaliyoendesha basi la shule miaka thelathini na moja,
yalilalamika hadi nikaona haya.
Akatoka mama kijana, mtoto begani.
Hajajiandikisha. Muda ulikwisha Jumatatu.
Nikaikunja karatasi, nikashukuru, nikageuka,
ndipo akauliza kama tunamjua fundi yeyote wa boila,
siku ya tisa hii anamwogesha mtoto
kwa maji ya birika.

Tulasi alikuwa ameshampigia mjomba wake.
Mjomba alikuja na bisibisi tatu na tochi ya mdomoni,
akalala chali sakafuni akilisema boila Kinepali,
na mimi nikashika mtoto wa mtu nisiyemjua
mpaka bomba likakohoa,
likatema kutu,
likatoa mvuke.
Nje kulikuwa giza. Milango kumi na miwili hatukuigusa.

Ofisini Kerrigan alihesabu karatasi zetu mara mbili.
"Thelathini na nane? Lengo lilikuwa hamsini."
Sikumjibu. Nilikula piza baridi nimesimama.

Jumanne usiku, ukumbi wa chini wa kanisa,
maputo yakiwa bado kwenye mfuko,
Bernadine alishindwa kwa kura kumi na moja.
Kumi na moja. Ningewapakia wote
viti vya mbele vya basi langu, na nafasi ingebaki.
Alishukuru kila mtu kwa jina, sauti haikutetemeka,
kisha akaenda kukunja viti.

Sikuthubutu kumtazama Tulasi.
Kumi na miwili, kumi na moja:
hisabati ndilo somo lake.
Tulikuwa tukibandua mabango ukutani
aliponiuliza bila kugeuka:
"Ungerudi nyuma, ungemwacha na birika lake?"
Nilibandua kona ya bango, polepole, isichanike.
"Tatu," nikamwambia.
Akatikisa kichwa. Yeye pia, tatu.

Januari, theluji magotini,
nilirudi 1122 bila karatasi, bila kalamu,
bila beji kifuani.
Yule bwana alifungua, kofia ileile.
"Uchaguzi umekwisha, mama."
"Najua," nikasema. "Mafua hayajaisha."
Akachungulia nyuma yangu, kulia, kushoto,
akitafuta mpiga picha.
Hapakuwa na mtu. Mbwa wa 1120 tu,
kwenye uzio, akinibwekea
kwa moyo wake wote.