Kiatu cha Kushoto

Wamenipa saa ya ukutani na mbuzi.
Mbuzi amefungwa kwenye nguzo ya karakana,
anatafuna hotuba ya katibu, ukurasa wa pili,
nami simkatazi.

Miaka thelathini na mmoja, katibu alisoma,
Mzee Ezati amewavisha viatu watu elfu nne.
Sijui nani alihesabu.
Mimi nilipima: karatasi ya mfuko wa saruji, penseli,
na mguu juu yake usiojua kwamba umeguswa.
Ukoma huanza kwa kuiba maumivu.
Mtu hukanyaga msumari asubuhi pale Arua sokoni
akautembelea mpaka ng'ambo ya Enyau,
akisalimia watu njia nzima.

Kwa hiyo makatambuga yangu: tairi la lori chini,
mpira laini juu, mikanda ya ngozi,
gundi na uzi, wala msumari hata mmoja.
Mengine ya dini nimejifunza polepole.
Hilo nililijua siku ya kwanza.

Kasisi Onzima naye akanifananisha
na Yule aliyejifunga taulo akawaosha wenzake miguu.
Vigelegele.
Nikatazama sakafu,
maana benchi la nyuma alikaa Candiru na mkongojo wake.

Ilikuwa tarehe kama ya leo, mkesha wa Krismasi.
Alifika saa kumi na moja jioni kutoka Terego,
ndara zimekatika, amezifunga kwa kamba ya mgomba.
Nilikuwa nimekwisha kufunga. Funguo mfukoni,
kilo ya nyama mkononi, kwaya ikiningoja mimi na besi yangu.
Nikamwambia, Mama, njoo baada ya sikukuu.
Kwa upole kabisa. Upole hauna gharama.
Usiku ule nikaimba habari za nyumba ya wageni
iliyokosa nafasi kule Bethlehemu,
nikaimba vizuri, wakanisifu.

Alirudi Januari, tarehe tisa, juu ya baiskeli ya kaka yake.
Mguu wa kulia waliukata Jumatano.

Tangu hapo namshonea cha kushoto tu.
Kila mwaka kimoja. Hajanilaumu.
Afadhali angenilaumu.
Mara moja alitania:
"Ezati, mimi ni mteja wako wa nusu bei,"
na viatu vyetu havikuwa na bei.

Leo, baada ya wali na picha,
amenishika mkono kwa vidole vyake vifupi,
akanipa ufuta kwenye kikopo cha maziwa.
"Sasa nani atanishonea?"
Yupo kijana Afeku, nikasema, amesomea Kampala, ana mashine.
"Afeku hana deni kwangu," akajibu,
akacheka, akaenda zake kutafuta soda.

Luka ameandika nguo za kitoto, hori, wachungaji.
Hakuandika miguu ya Mariamu baada ya njia ile yote.
Mimi huiona: imevimba, ina vumbi mpaka magotini,
na mlangoni mtu mwenye funguo
anasema naye kwa upole.

Sijui Mungu anahesabu kama katibu, elfu nne,
au kama Candiru.
Nimeuliza mara nyingi. Hajibu,
au hujibu kwa kuniletea mguu mwingine.

Funguo za karakana nilikabidhi saa tisa, nikatia sahihi.
Kisu ni changu.
Na hapa uani lipo tairi ambalo wajukuu hulikalia;
watakalia chini, mikeka ipo.
Saa mpya inagonga ndani ya boksi lake.
Kwaya imeanza bila mimi,
nasikia shimo chini ya sauti zao.
Kipimo sihitaji karatasi: saizi ya saba,
kidole cha mwisho hakipo, kisigino kinaegemea nje.
Napiga magoti. Si kwa sala,
tairi halikatiki vizuri mtu akisimama.