Saa Nane Usiku, Kilembe

Nesi alimpima, akaandika: kilo nane na nusu.
Akanitazama juu ya miwani.
"Hii si njaa tena, mama Ithungu.
Ni mazoea."

Mazoea. Nimelitafuna neno hilo njia nzima,
Nyamwamba ukigonganisha mawe yake kando yangu.

Mama mkwe anasema: uji wa ulezi jioni, mzito,
kijiko kisimame.
Bwambale anasema: mwenye titi ni wewe,
kisha anageukia ukuta.

Nikapanga Jumatatu.
Jumatatu ikaja na mvua, nikasema
usiku wa mvua mtoto haachishwi kitu.
Jumanne palikuwa na jino.
Jumatano sikutafuta hata sababu.

Leo saa nane nimeamka mwenyewe.
Chandarua kimetulia. Ithungu amelala,
viganja wazi,
kama mtu aliyekwisha kulipa deni lake.
Gauni langu limelowa kifuani.

Nimekaa ukingoni mwa kitanda
nikisikiliza mto,
nikingoja alie.
Nimekohoa, kidogo tu.

Hakulia.

Mwezi ujao nitamwambia nesi:
ulisema kweli,
ila mwenye mazoea
hukumpandisha kwenye mizani.