Birika, Mwisho wa Mstari

Jumanne usiku, juu ya maktaba ya Grimsby,
vidole vyetu vinanuka samaki wa kiwandani
hata baada ya sabuni mara tatu.
Mwalimu Hepworth anaandika ubaoni: vivumishi.
Danguole anapiga mwayo,
anajitetea kwa adabu: "Samahani, mimi nachosha."
Alitaka kusema amechoka.
Mkia wa neno tu ulimponyoka,
tukacheka hadi mlinzi akapanda ngazi kutuuliza kulikoni.

Kwetu Slemani kitu hutangulia,
sifa zake zikafuata nyuma kama vifaranga vya bata.
Unasema birika, mtu akaliona,
ndipo unamwongezea: dogo, jeusi, la mama.
Kiingereza kimegeuza msafara.
Sifa zimejaa mlangoni, zimebeba mizigo,
na mwenye safari hajaonekana bado.
Wala hazibadili nguo:
awe mmoja, wawe kumi, awe bibi, awe bwana,
ni zilezile, kavu kama mbao.

"Na zina foleni yake," akasema mwalimu.
Kwanza unavyokiona wewe: kizuri, kibaya.
Kisha ukubwa. Kisha umri. Umbo. Rangi.
Kisha kilikotoka. Kisha kilichokiunda.
Nani aliyezipanga? Hajui.
Hakufundishwa; alizaliwa akaikuta foleni imesimama.

Niliinakili nyuma ya kadi yangu ya zamu.

Alhamisi, kituo cha basi, mvua ya upande,
kijana mmoja alinitupia maneno matatu.
La tatu lilikuwa nomino; silirudii.
Kabla yake, nilikotoka. Kabla ya nilikotoka, maoni yake.
Basi likaja, likaondoka. Nikabaki nahesabu kwa vidole:
mpangilio ulikuwa sahihi kabisa,
mwalimu angeweka alama ya vema.
Somo likaniingia siku hiyo
kuliko nilivyotaka liniingie.
Maoni hukaa mbele. Mimi nilikuwa nyuma kabisa,
nikingoja zamu yangu ya kuonekana.

Wiki ileile nilisahau mfuko kwenye treni ya Doncaster.
Ofisi ya vitu vilivyopotea ina dirisha moja
na mama mwenye miwani iliyofungwa kamba ya kiatu.
Akanipa fomu. Eleza kitu. Mstari mmoja.
Nikatoa kadi ya zamu, nikaandika taratibu:
zuri, dogo, kuukuu, la mviringo, jeusi, la Kikurdi, la shaba,
na mstari ukaisha.
Birika lenyewe halikupata nafasi.
Nikaliandika pembeni, likipanda ukingo wa karatasi
kama mtu aliyechelewa sinema.

Akasoma akichezesha midomo. Akageuza fomu.
"Birika! Sasa si ungesema.
Humu yamo matatu. Lako lina alama?"

Alama ninayo, neno sina.
Mwaka ule wa kukimbilia milimani
lilimponyoka mama, likagonga jiwe.
Aliligeuza, akalitazama, akasema litachemka vilevile.
Nikabonyeza kidole gumba
katikati ya kiganja changu, nikamwonyesha.
"Ahaa," akasema yule mama, akanipa neno lenyewe,
fupi, kama sauti ya kile kilichotokea:
lililobonyea.

Akaenda nyuma. Nikasikia makabati.

Jumanne nilimuuliza mwalimu
hilo lisimame wapi kwenye foleni.
Akalijaribu mdomoni, mara baada ya umri, mara kabla,
akafuta, akaandika, akafuta.
"Hapa," akasema. "Au hapa. Wewe ulitaka liwe wapi, Hemin?"

Sikumjibu. Nilikuwa namimina chai
kwenye vikombe vya karatasi vya maktaba.
Danguole akalishika birika kwa mikono miwili,
akalizungusha, hakusema zuri, hakusema kuukuu.
Gumba lake likatafuta, likatafuta,
likatua palepale.