Viatu vya Alhamisi

Jumamosi, Northampton, mvua ya kunyunyiza,
ile isiyojijua kama ni mvua au ni uvivu wa mawingu.
Nimesimama mlangoni kwa Pettifer, Barabara ya Kettering,
miguu bado inanuka zamu ya usiku:
saa kumi ndani ya buti zenye chuma puani,
nikipandisha makasha ya watu kwa foklifti.

"Buti hizo," alisema Bi Maureen Alhamisi iliyopita,
amejishika kidole cha mguu,
"utazivua, au nitatafuta mwenzi mwingine."
Ilikuwa tango. Ilikuwa zamu yangu kwenda mbele.
Ukucha wake ukawa bilinganya kabla muziki haujaisha.

Basi kaja nami. Haniamini na duka.
Miaka thelathini na mmoja alishona ngozi kiwandani,
hapahapa mjini, kabla kiwanda hakijageuzwa vyumba vya kupanga.
Hatazami bei, hatazami mng'aro.
Anatia pua ndani ya kiatu kama anayekagua mtungi wa maziwa,
anakikunja aone kinapindia wapi,
anapitisha kidole gumba juu ya mshono,
anaguna.
Cha kwanza kimekwenda na mguno huo.

Cha pili kinawaka; ndani yake naziona taa za duka
na sura yangu yenye usingizi.
"Ngozi ya kioo," asema Pettifer. "Ya mashindano."
"Vikigusana vinanatana," asema Bi Maureen.
"Itabidi avipake vazelini kila wiki."
Nami nikayakumbuka magoti yangu, Usangi, baridi ya Juni,
mama akiyang'arisha kabla ya kengele ya shule.

Cha tatu, kisigino inchi moja na nusu.
Nikasimama nacho, nimeinama mbele kama mtu anayetaka kukopa.
"Hicho cha rumba," nikaambiwa. "Wewe bado uko kwenye walzi. Shuka."

Cha nne hakikuwa na maneno mengi.
Cheusi, cha kamba, kisigino kifupi,
soli ya ngozi yenye vinyweleo, laini kama sikio la mbuzi.
Nikakipima mkononi: uzito wa chapati mbili.
"Kinabana," nikasema.
"Kibane. Ngozi itatanuka. Mguu wako umekwisha kukua."
Adhabu ya kaburi aijuaye maiti;
ya kiatu, kumbe, huijua pia mshonaji.

Pauni themanini na tisa.
Kichwani nikazigeuza mabati.
Nakijwa dada yangu anangoja mabati.
Nitamwambia ni viatu vya kazi, na si uongo mtupu:
usiku wa jana, kati ya rafu ya kumi na mbili na ya kumi na tatu,
polepole, polepole, haraka-haraka,
foklifti ikanisubiri.

Mchezea kwao hutuzwa.
Na mchezea ugenini?
Baba mkubwa alicheza dansi Tanga kwa viatu vya kuazima,
vimemzidi namba mbili, kajaza magazeti puani;
akatuzwa shilingi tano na malengelenge.
Mimi nimelipa.

Pettifer akaniongezea brashi ya waya, bure,
na sharti: visiguse nje.
Soli hii ikionja lami, ikionja maji, basi tena.

Miaka kumi na tisa nimeukanyaga mji huu
kwa raba, kwa buti, kwa viatu vya kwendea ofisi ya uhamiaji,
theluji, matope, ngazi za basi,
na leo nina jozi ambayo haitaijua barabara yake hata moja.
Nitaibeba kwapani kama mkate.
Alhamisi nitakaa kwenye kiti cha plastiki, ukumbi wa kanisa,
nifunge kamba mara mbili,
Bi Maureen kasimama na mwavuli unaochuruzika,
ukucha wake bado haujarudi rangi.
"Kushoto," atasema. "Kisigino kwanza.
Na usiangalie chini, tumeshavichagua."