Bega Ndilo Linunualo

Duka la Veikko, Iisalmi, linanuka mafuta na kahawa ya jana.
Nimekuja na kibali kipya cha uwindaji,
na orodha mfukoni: uzito, urefu wa mtutu, bei.
Lakini macho hayana pazia; yameshaangukia
ile ya ukutani, yenye bata wa fedha ubavuni.

"Hiyo ya kutazamwa," akasema.
"Fumba macho. Inua. Haya, fumbua."
Nikaona chuma kitupu,
na dunia imejificha nyuma yake.

Ya baba ilikuwa hivyo hivyo,
kitako kirefu kuliko mkono wangu.
Mwaka juzi, kando ya ziwa, nilifyatua mara mbili tu:
bata wakaenda zao,
bega likaiva kama beri za msituni.
Baba alicheka. Nami nikacheka, upande mmoja.

Akatoa ya tatu. Akatoa ya tano.
Mwisho akazama stoo, akarudi na mtumba,
mitutu miwili sambamba, mbao zimekwaruzwa.
"Ya Lempi wa posta. Magoti yamegomea vinamasi."

Nikafumba. Nikainua. Nikafumbua:
mtutu umelala chini ya jicho
kama njia inayojua niendako.

Sikuuliza bei kwanza. Kosa hilo, najua.

Usiku huu haina risasi, nimehakikisha mara tatu;
naielekeza kwenye taa ya jikoni, kona ya dirisha, taa tena.
Paka amehamia chini ya meko.
Shavu limeshazoea ubaridi wa mbao.
Moyo je, bata wa kweli atakaporuka?
Huo Veikko hakuupima.