Mtungi wa Tatu

Usichungulie, alisema mama. Siki ina haya.
Nikalirudisha kawa, nikaweka jiwe juu yake,
nikanawa kwa maji ya kisima chetu cha Chwale
ambayo siku hizi nayo yana chumvi.

Choya tuliichuma Januari, mimi na wifi yangu Mgeni.
Magugu kwa mkono, samadi kwa jirani,
vidole vyekundu hadi Ijumaa.
Watoto wakasema tumepaka hina ya mafukara.
Minazi tunayo minane. Miwili hugemwa,
sita huachwa izae, mwakani hupokezana zamu;
mnazi nao huchoka, alikuwa akisema baba,
usiukamue kama mbuzi wa kuazima.

Baba alikuwa mgema. Hilo hapa halifichiki.
Alipanda alfajiri, kibuyu kiunoni,
akashuka na harufu ambayo mama
hakuiruhusu ndani.
Miaka kumi na tisa kibuyu kililala barazani,
na baba, siku nyingine, kando yake.
Mpaka bibi alipokuja kutoka Kangagani na chupa ya dawa,
ndani yake ngozi nyeupe inaelea,
laini kama utando wa maziwa.
Mtieni huyu, akasema. Kisha mngoje.
Tembo likageuka siki.
Kibuyu kikavuka kizingiti.

Sasa huu wa tatu umegoma.
Wenzake wawili wameshakuwa wakali, wanakata ulimi;
huu bado mtamu, bado unachemka peke yake usiku,
bwi, bwi,
kama mtu aliyekumbuka jambo akacheka chini ya shuka.
Kaka Shaame anataka tuumwage, tusije tukasemwa.
Mwenye hoteli ya Makangale anataka chupa sitini
kabla ya mwezi kuandama.
Chupa katupa yeye, zilizomalizwa na wageni wake;
tumeziroweka zikavua karatasi,
tumezisugua kwa mchanga na ndimu,
moja moja, hadi zikasahau zilichobeba.
Ongezeni maji, akasema, na rangi kidogo. Nani atajua?
Mama akamtazama kuanzia viatu.
Mgema akisifiwa, akasema,
akaishia hapo, akaendelea kupepeta mchele.

Usiku wa arubaini na tatu niliamshwa na kimya.
Nikaenda jikoni na kurunzi.
Mama alikuwepo kabla yangu, kachuchumaa,
kawa magotini, upawa mkononi,
na ndani ya mtungi wekundu ule mzito,
juu yake ngozi mpya, nyembamba,
haijakunjamana hata mahali pamoja.

Akaonja. Uso ukamkunjika wote.
Baba hakuwahi kuionja siki hii ya choya;
tulimzika mwaka ule mbegu zilipokuwa bado kwenye gazeti.
Mama akafuta macho kwa ncha ya kanga.
Ukali tu, akasema. Ukali.
Kachukue faneli. Na yale makapi
wapelekee mbuzi wa watu,
wameanza kulia.